Msumari Ndani ya Kiatu: Historia ya Kupima Kanieneo ya Wayo na Funzo Lake kwetu

Jioni moja ya Juni 2017 nilikuwa nimeketi barazani na baba yangu, mwalimu mstaafu, tukizungumza juu ya pensheni yake. Alikuwa ametoka mjini kwa miguu. Akapitia sokoni, akapitia kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, kisha akarejea nyumbani akiwa mchangamfu kama kawaida yake. Alipovua kiatu cha kushoto niliona soksi imelowa damu. Akaitazama soksi, akanitazama mimi, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Damu ya nani hii, mwanangu?" Katika soli ya kiatu ulikuwa umepenya msumari. Kutwa nzima alikuwa ameukanyaga, hatua baada ya hatua, wala hakuwa amechechemea hata mara moja.

Baba alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na ganzi ilikuwa imekwisha kuiteka miguu yake pasipo yeye kujua. Kidonda kile hakikupona. Kilichukua kwanza kidole, kisha vidole viwili zaidi, na kabla ya mwaka kwisha mguu ulikatwa chini ya goti. Nilipokuwa nikipanga karatasi zake za hospitali niliikuta kadi yake ya kliniki. Katika safu ya uchunguzi wa miguu palikuwa na alama ya vema kwa kila hudhurio, kwa muda wa miaka minne mfululizo. Nikamwuliza walikuwa wakimchunguza miguu kwa namna gani. Akafikiri kidogo, akasema: "Sikumbuki hata siku moja mtu kuniambia nivue viatu."

Mimi si tabibu wala mhandisi. Kazi yangu ni historia. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya vyombo vilivyobuniwa kupima jinsi wayo unavyogandamizwa na ardhi, kuanzia viatu vyenye mifuko ya hewa hadi vihisi vyembamba vinavyonyumbulika, ambavyo leo huwekwa ndani ya kiatu. Nimekuta humo jambo linalotuhusu sisi wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kama linavyowahusu waganga: kwamba kupima ni nusu tu ya kazi, na kwamba nusu iliyo ngumu ni kumfanya mwenye mamlaka juu ya mwili aitii habari aliyopewa.

Tuanze na kinachopimwa. Vitabu vyetu vya fizikia hukiita kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Uzito uleule ukitandazwa kwenye wayo mzima haudhuru. Ukikusanywa kwenye nukta moja chini ya kidole gumba, unaua nyama. Mtu mzima wa afya hahitaji kufundishwa hili. Akisimama muda mrefu kwenye foleni, mwili wake huuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule bila yeye kufikiri, kwa sababu sehemu iliyobanwa hukosa damu, mishipa ya fahamu hulalamika, na misuli hutii. Akiingiwa na kokoto kiatuni, hatua ya pili huwa tayari imekwisha kubadilika. Maumivu, kwa maana hiyo, ni utawala bora wa mwili: taarifa hupanda kutoka chini na amri hushuka kutoka juu kabla uharibifu haujatokea. Kisukari na ukoma hukata njia hiyo ya taarifa. Mguu unabaki, uzito unabaki, ila malalamiko yananyamaza.

Jaribio la kuyaandika malalamiko ya wayo ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Huko Paris, mwanafiziolojia Étienne-Jules Marey, akishirikiana na Gaston Carlet, alitengeneza viatu vyenye soli ya mpira iliyo na uwazi wa hewa ndani yake. Mguu ulipokanyaga, hewa ilisukumwa kupitia bomba jembamba hadi kwenye kalamu, nayo kalamu ikachora mstari juu ya silinda iliyokuwa ikizunguka. Carlet alitoa utafiti wake mwaka 1872, na mwaka uliofuata Marey akachapisha kitabu chake La Machine animale, ambamo mtu anaonekana akikimbia huku ameshika mkononi chombo cha kuandikia hatua zake. Kwa hiyo kiatu chenye kihisi kina umri wa miaka mia moja na hamsini.

Swali la mwanahistoria, hata hivyo, si tu kwamba nani alipima. Ni pia kwamba mguu wa nani ulipimwa, na kwa manufaa ya nani. Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Prussia mwaka 1871, na taifa zima lilikuwa likijiuliza juu ya miili ya vijana wake. Marey alipofungua kituo chake cha fiziolojia mwaka 1882, kwa fedha za serikali na za jiji la Paris, mwendo wa askari ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, Beely aliwasimamisha watu juu ya mfuko wa kitambaa uliojazwa plasta ya kuganda ili alama ya wayo ibaki. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Jules Amar alitengeneza njia fupi ya kupitia yenye springi chini yake ili kupima mwendo wa askari waliokatwa miguu, lengo likiwa kuwarudisha viwandani. Mwaka 1934, huko New York, Herbert Elftman alitandika mkeka wa mpira wenye vijipiramidi juu ya kioo, akaweka kamera chini yake, akapiga filamu ya jinsi vijipiramidi vilivyobonyea mtu alipopita. Na mwaka 1947 Harris na Beath walitoa matokeo ya uchunguzi wa nyayo za maelfu ya askari wa jeshi la Kanada, wakitumia mkeka wa mpira wenye wino ambao kliniki nyingine hutumia mfano wake hadi leo.

Utaona mfululizo huo unaelekea wapi. Mguu uliostahili kupimwa ulikuwa mguu uliopiga gwaride au uliozalisha mali. Mwenye mguu alikuwa chombo cha kusomwa, na matokeo yalipelekwa kwa mwingine. Mabadiliko makubwa yalikuja pale mguu uliodharauliwa kuliko yote, mguu wa mgonjwa wa ukoma, ulipoingia maabara.

Paul Brand alizaliwa India mwaka 1914, akasomea udaktari Uingereza, akarejea mwaka 1946 kufundisha upasuaji katika chuo cha udaktari cha Vellore, kusini mwa India. Wakati ule iliaminika karibu kila mahali kwamba ukoma wenyewe huozesha nyama, na kwamba vidole hudondoka kwa sababu ya ugonjwa. Brand amesimulia jinsi siku moja alivyoshindwa kufungua kufuli lenye kutu, akaja mvulana mmoja mgonjwa, akakamata ufunguo na kuuzungusha mara moja. Brand alishangazwa na nguvu hizo, kisha akaona tone la damu sakafuni: ufunguo ulikuwa umekata kidole cha mvulana hadi mfupa ukaonekana, naye hakuwa na habari. Kuanzia hapo Brand na wenzake walianza kufuatilia kila jeraha na chanzo chake, wakagundua kwamba bakteria huua mishipa ya fahamu, na kazi iliyobaki hufanywa na maisha ya kawaida: sufuria ya moto, mpini wa jembe, msumari, ndara ngumu. Nyama ya mwenye ukoma ilikuwa nzima. Kilichokufa ni taarifa.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kisiasa kama ulivyokuwa wa kitabibu. Ikiwa vidole huoza kwa laana ya ugonjwa, basi jamii haina la kufanya ila kumtenga mgonjwa. Ikiwa hupotea kwa sababu hakuna aliyeonya, basi kuna la kufanya kila siku, na aliyekaa kimya ana sehemu ya lawama. Huko Vellore na Karigiri wakaanza kutengeneza ndara za mpira laini ili kusambaza uzito. Mwaka 1965, huko Addis Ababa, kikaanzishwa kituo cha ALERT kufundisha watabibu wa bara letu mambo hayohayo. Mwaka 1966 Brand akahamia Carville, Louisiana, hospitali iliyo kando ya mto Mississippi ambako Marekani ilikuwa imewafungia wagonjwa wake wa ukoma kwa miongo mingi.

Hapo Carville ndipo vihisi vya kuvaliwa vilipopata maana mpya. Mwaka 1969 Brand na mwenzake Ebner walichapisha makala juu ya vyombo vya kuhisi mgandamizo kwa mikono na miguu iliyokufa ganzi. Kimojawapo kilikuwa soksi nyepesi iliyojazwa vidonge vidogo mno vya rangi. Mgonjwa alitembea nayo, na pale mgandamizo ulipozidi, vidonge vilipasuka na soksi ikabadilika rangi. Kwa mara ya kwanza mgonjwa mwenyewe aliweza kuona mahali ambapo mguu wake ungekuwa ukilia kama ungekuwa na sauti. Majaribio yao juu ya nyayo za panya yalionyesha jambo jingine la kutisha: si lazima mgandamizo uwe mkubwa. Mgandamizo wa wastani, ukirudiwa maelfu ya mara siku baada ya siku bila mapumziko, huleta kidonda uleule.

Kisha wakajaribu kutengeneza maumivu yenyewe. Kwa msaada wa wahandisi, walitengeneza vihisi vidogo vya umeme vikashonwa kwenye glavu na soksi. Mgandamizo ulipozidi kiwango, mgonjwa alisikia mlio sikioni. Mlio haukutosha, wakaweka taa za kuwakawaka. Taa nazo hazikutosha; wakaamua kumpiga mgonjwa shoti ndogo ya umeme kwapani, mahali ambapo bado alikuwa na hisia. Mradi ulichukua miaka na fedha nyingi, na mwishowe ukaachwa. Vihisi vyenyewe viliharibika mara kwa mara, lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Wagonjwa walipokuwa wakifanya kazi waliyoitaka, na shoti ikawa inawasumbua, walizima chombo, wakamaliza kazi, wakakiwasha tena. Hawakuwa wajinga. Walijua hasa maana ya ishara ile, na walijua kwamba vidole vyao ndivyo vilivyokuwa hatarini. Brand alihitimisha kwamba mfumo wa onyo unaoweza kuzimwa na yule anayeonywa si mfumo wa onyo. Maumivu ya kweli yana nguvu kwa sababu hayatuombi ruhusa.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi, na kila mara naona ndani yake ofisi zetu. Lakini kabla ya kufika huko nimalize historia yenyewe, kwa sababu haikuishia kwenye kushindwa.

Mwaka 1976 Nicol na Hennig, watafiti wa Ujerumani, walieleza mkeka unaonyumbulika ambao kila sehemu yake ilifanya kazi kama kapasita: tabaka mbili zinazopitisha umeme zikitenganishwa na mpira; mpira ukibonyea, tabaka hukaribiana na chaji inayohifadhiwa hubadilika. Katika miaka ya 1980 na 1990 wazo hilo likahamia ndani ya kiatu. Kampuni ya novel ya Munich ikatoa soli ya ndani yenye vihisi 99. Tekscan ya Boston ikachapa wino maalumu juu ya plastiki nyembamba kama karatasi, ambao ukinzani wake wa umeme hupungua unapobanwa, ikapata mamia ya nukta za kupima ndani ya soli moja. Wataalamu wa viatu vya tiba wakapata lugha ya namba: leo miongozo ya kimataifa ya mguu wenye kisukari hupendekeza kwamba, kwa aliyewahi kupata kidonda cha wayo, kanieneo ya juu kabisa ndani ya kiatu ishushwe chini ya kilopaskali 200 au ipunguzwe kwa walau asilimia 30.

Mwaka 2019 jarida la The Lancet Digital Health lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa wa kisukari waliokwisha kupata vidonda. Wote walivaa soli zenye vihisi na saa ya mkononi, lakini ni kundi moja tu ambalo saa yake iliwaambia: hapa pamebanwa muda mrefu mno, punguza uzito. Watu 58 walikamilisha jaribio lililodumu hadi miezi 18. Kundi lisiloonywa lilipata vidonda kumi; kundi lililoonywa lilipata vinne, na kwa hesabu ya siku za ufuatiliaji upungufu ulikuwa wa asilimia 71. Jaribio ni dogo, nasi tusilikuze. Lakini tazama lilivyopangwa: chombo kilikuwa kilekile kwa makundi yote mawili, na taarifa zilikusanywa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja taarifa zilimfikia mwenye mguu, na kundi jingine zilibaki ndani ya kumbukumbu za mashine.

Sasa nirudi kwenye kadi ya baba. Mtu anaweza kusema kwamba nchi yetu ni maskini na soli za namna hiyo hatuna uwezo nazo. Ni kweli, na si hoja. Hospitali ileile ya Carville ndiyo iliyotupatia chombo rahisi kuliko vyote: mwaka 1986 Birke na Sims walionyesha kwamba uzi wa nailoni unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10 unatosha kumtambua mtu aliyepoteza hisia za kumlinda. Mwaka 2011 watabibu wa Ipswich, Uingereza, wakaonyesha kwamba hata uzi si lazima. Mgonjwa anafumba macho, nawe unagusa kwa ncha ya kidole chako kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asipohisi mara mbili au zaidi kati ya sita, yuko hatarini. Wala si kwamba habari hizi hazikutufikia. Mradi wa Step by Step, ulioongozwa hapa nchini na Dkt. Zulfiqarali Abbas, ulikwisha kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoa mbalimbali kuutunza mguu wenye kisukari, miaka mingi kabla ya msumari wa baba.

Kwa hiyo mguu ule haukupotea kwa kukosa vihisi. Ulipotea kwa sababu palikuwa na alama ya vema. Na alama ya vema isiyo na uchunguzi nyuma yake ni mbaya kuliko kihisi kilichozimwa, kwa maana kihisi kilichozimwa kinajulikana kwamba kimezimwa. Simlaumu peke yake muuguzi aliyeiweka. Yamkini alikuwa na wagonjwa themanini asubuhi ile, na msimamizi aliyedai fomu zilizojaa. Mfumo haukumwuliza kama aliona miguu; ulimwuliza kama safu imejazwa, naye akajibu swali aliloulizwa.

Dola nayo ina nyayo, na ina vihisi vyake: ukaguzi, takwimu, magazeti, mabaraza ya wafanyakazi, mikutano ya vijiji, migomo ya wanafunzi. Katiba yetu, katika Ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti zake hueleza, pamoja na hoja mpya, mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Huo ni mgandamizo wa wastani unaorudiwa, ule wa nyayo za panya. Mwaka 2018 tulikwenda mbali zaidi: Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kuchapisha takwimu zenye kukanusha takwimu rasmi. Mwaka uliofuata, baada ya malalamiko ya ndani na nje, sheria hiyo ikalegezwa. Kwa muda ule mfupi tulikuwa kama mgonjwa wa Carville aliyenyoosha mkono kuzima chombo ili amalize kazi yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika mambo ya dola methali hiyo ina upande wa pili: mkuu asiyesikia la guu huanguka nalo.

Niseme pia neno kwa wanaharakati, maana haki ni kuwili. Soli zile za mwaka 2019 hazikupiga kelele kwa kila hatua. Zilisubiri, zikapima kama mahali palepale pamebanwa kwa sehemu kubwa ya dakika 15 zilizopita, ndipo zikaonya, zikitaja mahali. Kihisi kinacholia wakati wote huzimwa upesi kuliko kinachonyamaza. Anayetaka kusikilizwa na aonyeshe panapobana, kwa muda gani, na kitu gani kifanyike ili uzito upungue.

Na nisijitoe. Mwishoni mwa kila muhula wanafunzi wangu hujaza fomu za tathmini ya mhadhiri. Baada ya baba kukatwa mguu nilifungua mtoto wa meza yangu ofisini nikazikuta za mihula mitatu ndani ya bahasha ambazo sikuwa nimezifungua. Niliposoma nilikuta watu watano, katika mihula tofauti, wamelalamikia jambo lilelile moja. Nilikuwa nimesimama juu yao mwaka mzima na nusu, wala sikuchechemea.

Baba yu hai. Ana gongo na mguu wa bandia, na ana mguu wa kulia, ambao ndio mtaji wetu. Kila jioni mjukuu wake wa miaka tisa huketi chini mbele yake, humvua kiatu, hukikung'uta kiatu, kisha husema: "Babu, fumba macho." Hugusa kidole cha kwanza, cha tatu, cha tano. Siku nyingi babu hujibu "hapana" mara mbili, na mtoto huandika kwenye daftari bila kumwonea haya, kisha hugeuza wayo na kuukagua kwa macho. Mara mbili mwaka jana alikuta wekundu kabla haujawa kidonda, na mara zote mbili kiatu kilibadilishwa kesho yake.

Ukimsindikiza mzazi wako kliniki mwezi huu, mvue viatu kabla hujaketi kwenye benchi, uingie naye chumbani akiwa pekupeku. Na wewe mtumishi uliye upande wa pili wa meza, mwenye kalamu na safu ya kujaza: ukimwona amekuja hivyo, inama uitazame miguu hiyo kwanza.